Kompyuta ya Kuendeshea Lori

Mimi sina subira, sifichi. Muulize mtu yeyote Biashara Street, atakwambia Bi Alawiya wa leso ana mdomo na hana subira, na atakwambia kabla hujamaliza kuuliza. Miaka ishirini na saba nauza leso katika duka lile lile, na miaka hiyo yote sijapata kununua kitu cha stima kigumu kuliko friji. Sasa tulia nikwambie vile nilivyonunua kompyuta ya gemu, mimi mwenyewe na mdomo wangu, ndani ya siku nne.

Mambo yalianza kwa mume wangu, Hamid. Hamid alikuwa dereva wa lori, na sikwambii lori la kubebea mchanga, nakwambia trela, Mombasa mpaka Kampala, Mombasa mpaka Kigali, miaka thelathini na minne. Sukari ikamshika mguu wa kushoto. Mwaka jana madaktari wakaukata chini ya goti. Alhamdulillahi, kidonda kilifunga vizuri, lakini mtu waliyenirudishia nyumbani hakuwa Hamid. Alilala ghorofani, uso ukutani, na ukimsalimu wajibiwa na mgongo.

Hospitali walikuwa tayari kumpima mguu wa bandia. Tulipewa tarehe, akakataa kwenda. Tukapewa ya pili, akakataa. Mara ya tatu daktari alinivuta kando akaniambia, "Mama, akikaa hivi miezi mingine misuli italegea na goti litakakamaa. Hapo hata tukimpa mguu hautamfaa." Nikarudi nyumbani mbio kumwambia. Wajua alinijibu nini?

"Mguu wa nini, Alawiya? Naenda wapi?"

Nilipiga kelele siku ile. Majirani walisikia, na wasikie. Kisha nikashuka jikoni nikalia mpaka kitambaa kikarowa, maana mume wangu nampenda, na nilikuwa namuona yuwapotea mbele ya macho yangu na sina la kufanya.

Basi Jumanne moja akaja Tsofa. Tsofa alikuwa utingo wa Hamid zamani, mtu wa Kaloleni, aliyejifunzia gari mikononi mwa Hamid. Sasa ana trela lake mwenyewe na mvi zimeanza. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaongea, akachoka kuongea na mgongo wa mtu, akatoa simu. "Mzee, hebu ona vituko vya Wazungu," akasema.

Kwenye simu palikuwa na mwanamume amekaa kwenye kiti chumbani kwake, ameshika usukani. Mbele yake kioo cha kompyuta, na ndani ya kioo barabara, mlima, na trela likipanda. Hamid akageuza shingo. Akatazama. Akatazama mpaka mwisho.

"Avunja gia huyu," akasema. "Mlima kama ule washika gia mapema, hungoji lori lilie."

Wallahi, nilikuwa mlangoni na sinia la chai, nusura niliachie. Maneno yale yalikuwa mengi kuliko aliyosema mwezi mzima! Nikaweka sinia chini, nikamkamata Tsofa mkono, nikamtoa mpaka ngazini.

"Ile ni nini?"

"Ni gemu, mama. Gemu ya malori."

"Yachezwa kwa simu?"

"La, yataka kompyuta. Kubwa, ya mezani, ile yenye nguvu. Na usukani wake kando."

"Yauzwa wapi?"

"Mama, mimi najua lori," Tsofa akasema. "Hayo mengine hata sijui yaanzia wapi."

Pesa ninazo, usiniulize nilizitoa wapi. Nilichokosa ni ujuzi, na ujuzi sikuwa nao hata wa kuombea maji. Jumatano asubuhi nikafunga duka, jambo ambalo hulifanya kwa Idi na kwa maiti peke yake. Nikaenda mjini kwenye duka moja la kompyuta lenye vioo na baridi ya mashine. Muuzaji alikuwa kijana aitwaye Ziad, mtoto wa watu, amenukia vizuri, ameninyenyekea. "Salaam aleikum, Bi mkubwa, karibu."

Nikamwambia nataka kompyuta ya gemu. Akanipeleka kwenye sanduku moja la kioo. Ndani yake taa, nyekundu, kijani, samawati, zikizunguka na kubadilika. Mashallah! Sitasema uongo, moyo ulinienda mbio. Nilijiona nimeshaiweka chumbani, Hamid amekaa mbele yake, taa zamwangaza usoni.

"Hii ndiyo ya gemu," Ziad akasema. "Huoni taa?"

"Taa zafanya nini?"

"Zapendeza."

"Mbali na kupendeza?"

Ziad akakohoa.

Sasa nikwambie jambo. Kwenye leso mimi sidanganyiki, kwa sababu leso siitazami mbele. Mbele kila leso ni nzuri. Mimi naigeuza. Rangi ikiwa imepenya mpaka nyuma, hiyo ni leso. Nyuma kukiwa kweupe, hicho ni kitambaa kilichopakwa rangi, fua mara mbili uone. Hiyo ndiyo elimu yangu yote, na ndiyo niliyokwenda nayo dukani.

"Nigeuzie," nikamwambia.

"Nyuma hakuna kitu, Bi mkubwa. Ni mashimo ya waya."

"Basi nigeuzie hayo mashimo."

Akageuza. Nikatazama. Sikuelewa hata kimoja, lakini nikatoa simu nikapiga picha, na nikakunja uso kama mtu aliyeelewa. "Haya, nifungulie ubavuni nione ndani vizuri."

"Siwezi, gharanti itakufa."

"Kitu hakifunguliwi, nitajuaje ninunuacho?"

"Niamini mimi," akasema, huku yuwatabasamu. "Kwani ni ya mjukuu?"

"Ya mume wangu."

Akacheka. Kicheko kidogo tu, cha puani, lakini nilikiona. Ebo! "Wacheka nini?" nikamuuliza. "Mume wangu ameendesha tani ishirini na nane mlima wa Mau kwenye ukungu kabla mamako hajaolewa. Wewe waendesha nini? Taa?" Nikachukua mkoba wangu nikatoka, naye nyuma yuwaniita Bi mkubwa, Bi mkubwa. Nilikuwa na hasira, na ndani ya hasira kuna hofu, maana sikujua pengine pa kwenda.

Siku ya pili yake, Alhamisi, nimeketi dukani na uchungu wangu, akaingia Kanze. Kanze ni mteja wangu, binti wa Kigiriama wa miaka thelathini na kitu. Kila mwezi hununua leso kumpelekea mamake Kilifi. Siku ile alikuwa na bisibisi imechomekwa kwenye nywele. Miaka minne namuona na bisibisi ile, na siku ile ndiyo kwanza nikamuuliza.

"Kanze, wewe hufanya kazi gani?"

"Natengeneza kompyuta, mama. Hapo uchochoroni, nyuma ya duka la pazia." Akanitazama. "Sijakwambia?"

Alaa! Hatua arubaini kutoka dukani kwangu! Nikamkalisha kwenye stuli, nikamtolea ile picha ya mashimo. Akaivuta kwa vidole ikawa kubwa, akatikisa kichwa.

"Mama, hii haina kadi ya picha."

"Kadi ya picha? Si hii hapa," nikasema, nikafungua mkoba nikampa kitambulisho changu.

Kanze alicheka mpaka akashika meza. Lakini kicheko chake hakikuniudhi, maana alinicheka na mimi nimo. Alipopata pumzi akanieleza. Ndani ya kompyuta kuna prosesa, huyo ndiye mwenye kufikiri. Kisha kuna kadi ya picha, huyo ndiye mchoraji. Gemu ni picha zinazochorwa upesi upesi, mamia kwa mamia, na mchoraji akikosekana mwenye kufikiri hulazimika kuchora mwenyewe, na hajui kuchora.

"Tazama nyuma," akasema. "Waya wa skrini unaingia hapa juu peke yake. Kungekuwa na kadi, hapa chini pangekuwa na mashimo mengine, yamelala. Ona wameziba kwa vibati. Taa zote zile, na lori lingekwenda likikwama-kwama."

"Kwa hivyo nyuma kweupe."

"Kweupe kabisa, mama."

Niliruka. Wallahi niliruka pale dukani, na uzito wangu huu. Yaani nilikuwa nimeshika ukweli mkononi bila kujua! Hofu yote ya jana ikanitoka, nikaona kumbe jambo hili lawezekana, kumbe si la wenye vyuo peke yao. Nikafunga duka tena, nikamfuata Kanze uchochoroni.

Chumba chake ni kidogo, meza, feni, na mashine zilizofunguliwa matumbo. Kabla hajagusa chochote akaniuliza swali ambalo Ziad hakuniuliza.

"Atacheza mchezo gani?"

"Malori."

"Malori peke yake?"

"Peke yake. Mume wangu hana ugomvi na mtu, hataki bunduki."

"Basi twaanzia hapo," Kanze akasema. "Watu huanzia dukani, wakapotea. Anza na mchezo. Kila mchezo umeandikiwa wataka mashine ya namna gani." Akanionyesha kwenye skrini yake orodha mbili, moja ya mashine ya chini kabisa, nyingine ya kuchezea kwa raha. "Sisi twalenga ya raha, tupite kidogo, basi. Ukizidi hapo wanunua sifa."

Akachukua karatasi akaanza kuandika, prosesa hii, kadi ile, ramu, diski, pawa, kasha.

"Ngoja," nikasema. "Hivi ni vipande?"

"Ni vipande. Nitakuunganishia."

"Kanze, wewe wanijua. Mimi siuzi kipande wala sinunui kipande." Na hapo nikampa hotuba yangu, ile ambayo Biashara Street nzima wanaikariri. Leso huja doti, mbili zimeshikana. Moja ya kujifunga, moja ya kujitanda. Kila siku yuwaja mtu kunibembeleza nimkatie nusu, nami simkatii, kwa sababu ile nusu itakayobaki itakaa rafuni kama mjane, haina wa kuichukua. Kitu kamili ni kitu kamili.

Kanze alisikiliza mpaka mwisho, mwenye adabu yule. "Mama, hata ile ya kioo ni vipande," akasema. "Tofauti ni kwamba hivi vyangu utaviona mbele na nyuma kabla sijavifunika."

Hapo alinishika. Nikamwambia endelea.

Akaweka mezani vijiti viwili vyembamba, sawasawa, rangi moja. "Hii ni ramu. Ni kama meza ya kazi, ikiwa kubwa vitu havigombani. Naweza kukuwekea kijiti kimoja kikubwa, lakini nakuwekea viwili vya nusu yake. Vikiwa viwili vinavyofanana hufanya kazi bega kwa bega, mashine yaenda mbio zaidi."

"Doti!" nikapiga ukelele. "Kanze, ramu ni doti!"

"Ni doti, mama."

"Mbona hukusema tangu mwanzo!"

Tangu hapo hakuna aliyeniweza. Nilishika kila kitu, nikageuza kila kitu, nikauliza kila kitu. Diski akaniambia chukua hii isiyozunguka, mashine yafunguka kabla hujameza mate, nikasema lete. Pawa, ile ya kugawa stima, akaniambia hapa usibane mkono, pawa ya rahisi huungua na kuwaunguza wenzake, nikasema lete nzito. Tukagombana kwenye kasha tu. Mimi nilitaka la kioo, lenye taa, yeye hataki.

"Nyumba yako ni ya karibu na Ngome, bahari hiyo hapo. Joto, chumvi, vumbi. Kioo mbele chaiziba pumzi. Chukua hili la wavu, feni zivute hewa."

"Ni baya."

"Ni baya lakini litapumua."

"Taa moja basi. Moja tu, Kanze, nifurahi."

Akaguna, akaniwekea taa moja, nyekundu. Na kisanduku cha kushika stima ikikatika, ili Hamid apate kuzima kwa taratibu. Skrini tukachagua ya kadiri, maana akikaa karibu kubwa mno yamuumiza shingo. Nilikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu binti yetu Duha aolewe.

Mwisho ukaja usukani. Palikuwa na aina mbili kwenye rafu ya Kanze. Akanishushia wa kwanza. "Huu una pedali mbili, mafuta na breki. Gia mashine yabadilisha yenyewe. Kwa anayeanza, huu watosha."

Mimi gari siendeshi. Nilitazama lile bao la pedali, nikaona pedali mbili zimesongamana kulia, na kushoto pako wazi. Kisha nikatazama lile la pili pale juu. Lilikuwa na pedali tatu, zimejipanga, na kijiti cha gia kando yake.

"Mbona lile lina tatu?"

"Ya tatu ni klachi. Si lazima, mama."

"Hili limetolewa kipande."

"Halikutolewa. Ndivyo lilivyo."

"Kanze, nipe kamili." Na nilipokwisha kusema kamili, nimekwisha. Alinishushia lile la pedali tatu. Yeye nilikuwa nimemwambia mume wangu ni mgonjwa, basi. Habari za mguu sizitangazi mtaani.

Jumamosi asubuhi tukapakia tuktuk, mimi na Kanze na maboksi. Tuktuk ikafika mwisho wa njia, pale vichochoro vinapokuwa vyembamba, tukashuka tukabeba. Mmoja wa wale waongoza wageni wa Ngome akaniita, "Bi Alawiya, TV mpya?"

"Lori!" nikamjibu, nikaendelea na safari yangu.

Hamid alikuwa kama nilivyomwacha. Alisikia maboksi yakigonga ngazi, akasema bila kugeuka, "Mwaniletea jeneza?"

"Nyamaza, Baba Duha," nikasema. "Una mgeni."

Kanze akaamkua, akaanza kupanga meza kando ya kitanda. Waya wa skrini nilichomeka mimi mwenyewe. Chini, kwenye yale mashimo yaliyolala. Kanze akanipigia makofi. Akawasha. Taa yangu moja nyekundu ikawaka, feni zikaanza kuvuma, na baada ya muda mfupi kioo chote kikajaa dashibodi ya lori, na nje ya dashibodi yadi, na geti, na barabara.

Hamid akageuka. Kwanza shingo, kisha bega, kisha akajiinua kwa mikono akakaa. Kanze akafunga usukani mezani, akainama, akaweka lile bao la pedali sakafuni, chini ya miguu ya mume wangu.

Na hapo ndipo nilipoona.

Pedali tatu. Na chini ya shuka, mguu mmoja. Ya kulia, ya katikati, na ile ya kushoto imesimama peke yake, yangoja unyayo usiokuwapo. Kanze naye aliona, akaniangalia, macho yamemtoka.

"Alawiya," Hamid akasema.

"Labeka."

"Hii ya kushoto ni nini?"

Mdomo wangu, huu uuzao leso miaka ishirini na saba, haukutoa kitu. Kanze akaja mbio kuniokoa. "Ni klachi, baba, lakini si lazima, naizima. Au naenda sasa hivi kubadilisha, ipo ya mbili, nilimwambia mama..."

"Nani aliyechagua hii?"

"Mimi," nikasema. "Mimi, mjinga mimi. Sikufikiri, Hamid. Niliiona ile nyingine imekatwa, sikuitaka."

Neno limeshatoka. Nilitamani sakafu ipasuke nianguke mpaka jikoni. Hamid akanitazama. Mara ya kwanza kwa muda mrefu alinitazama usoni hasa.

"Imekatwa," akasema polepole, "ndipo hukuitaka."

"Wewe nakutaka!" nikampigia kelele, na machozi hayo. "Wewe nakutaka hata ungekuwa umebaki kichwa! Nakutaka uinuke kwenye hicho kitanda, Hamid, nimechoka kuzungumza na mgongo!"

Kanze alikuwa yuwatazama dari. Kisha nikasikia sauti ambayo kwanza sikuijua ni nini. Hamid alikuwa yuwacheka. Alicheka tumboni, mabega yakitikisika, mpaka akafuta macho. "Alawiya wewe," akasema. "Wamletea kilema klachi. Lo! Leteni kiti."

Tukaleta kiti. Akajisogeza kutoka kitandani mwenyewe, akaukataa mkono wangu, akakaa. Akaushika usukani juu, akaushika chini, akaupima. Kanze akataka kujua aanzie nchi gani, akasema weka Uingereza, huko wanaendesha kushoto kama sisi. Gia kwanza akaziacha zijibadilishe zenyewe. Na lori likatoka getini.

Ungemuona! Mgongo umenyooka, macho kwenye vioo vya pembeni, mdomo hausimami. "Huyu nani aniingilia hivi? Hana indiketa huyu? Mwanamke, washa waipa, mvua hiyo! Mizani yao iko wapi hawa, mbona sioni Mariakani yao?" Alipinda kona moja na trela zima bila kugusa ukingo, Kanze akasema yeye hugonga pale kila mara. Hamid akacheka kwa maringo. Nikaona haya kama bibi arusi.

Tulipofika mlimani akaguna. "Lori lisilo na klachi ni baiskeli. Binti, iwashe."

Kanze akaiwasha. Hamid akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akachukua bakora yake, akaikita juu ya ile pedali ya kushoto. Sasa mkono mmoja una bakora, mmoja una usukani, na kijiti cha gia hakina mwenyewe.

"Alawiya, shika gia. Nikisema tia, watia."

"Nitie wapi?"

"Ya pili! Vuta nyuma! Nyuma, si kwangu!"

Nikavuta. Lori likaguna, likapanda. "Ya tatu!" Nikatia ya tatu, yeye akabonyeza bakora, nami napiga kelele "Bonyeza, Baba Duha, bonyeza!" na Kanze naye yuwaruka pale nyuma, na majirani chini wakaita kutuuliza kuna nini. Hakuna aliyewajibu. Tukapanda mlima ule sote watatu, jasho latutoka, na katikati ya mlima bakora ikateleza. Lori likatikisika, likazima. Nyuma yetu magari yakaanza kupiga honi.

Tukajaribu tena. Ikateleza tena. Mara ya tatu Hamid akaitupa bakora kitandani, nikaogopa, nikadhani ndiyo basi, atajilaza ageukie ukuta.

"Fimbo haihisi," akasema. "Klachi yataka kuhisiwa, inapoanza kushika." Akaitazama pedali ya kushoto. "Ile namba ya wale wapima miguu unayo?"

Nilikuwa nayo. Naijua kwa moyo. Nikaipiga, nikakosea mara mbili kwa haraka. Akapokea mwanamke mmoja mpole, akaniuliza jina, umri, mguu upi, lini ulikatwa. Nikamjibu yote. Kisha akasema, "Kuna swali moja la fomu, mama. Mgonjwa angependa mguu umsaidie zaidi kwa jambo gani? Kutembea nyumbani? Kwenda msikitini? Kazini?"

Nililia tu, simu sikioni, mtu mzima mimi. Hamid akaninyang'anya simu.

"Klachi, mwanangu," akasema. "Andika klachi. Na unipe tarehe ya karibu kabisa, maana nina trela limezima katikati ya mlima na watu wanipigia honi."